Mpera Wenye Vitambaa Vyekundu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi niliwahi kuwa mganga kwa siku moja, siku ya Krismasi, na mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira ambazo sijui nimshushie nani. Watu wakisimulia Krismasi za utoto wao, za wali na nguo mpya, mimi hunyamaza. Yangu inahitaji maelezo marefu, na nimechoka kueleza.

Tulikuwa tunakaa Kirushya, wilayani Ngara, miaka ile wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa maelfu na kambi zikatanda vilimani. Baba alikuwa katekista wa kigango chetu. Kila Krismasi alikata tawi la msindano kando ya barabara, tukalisimamisha sebuleni ndani ya debe la mchanga. Mwaka ule hapakuwa na msindano, wala mkaratusi, wala kichaka cha maana, kwa sababu watu wengi namna ile lazima wapike, na hakuna apikaye kwa mawe. Baba akasema, "Mwaka huu tutasali bila mti. Yesu hakuzaliwa msituni." Kwake yakaisha. Kwangu hayakuisha, maana nilikuwa nimeshamwahidi Ansila.

Ansila alikuwa msichana wa kambini, umri wangu. Kila siku alikuja na mama yake kuchota maji kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba letu. Mama yake akiwa kwenye foleni, yeye alipanda hadi uani kwetu tukakaa chini ya mpera wa Bibi. Mimi nilisema Kihangaza changu, yeye Kinyarwanda chake, na tulielewana bila shida. Kiswahili alichokuwa nacho nilimfundisha mimi. Neno la kwanza lilikuwa shikamoo. Alilipenda mno, akawa anaamkia kila kiumbe, hadi mbuzi. Nikamwambia shikamoo ni ya wakubwa, mimi na yeye ni hujambo tu. Alikuwa amenisimulia kwamba kwao walikuwa na mti wa Krismasi wenye vitu vinavyong'aa. Nami, kwa kuwa sikupenda kushindwa, nikasema wa kwetu ni mzuri zaidi, aje auone Krismasi baada ya misa, tule wote.

Basi siku moja kabla ya Krismasi niliutazama mpera. Ulikuwa mfupi, umejikunja vizuri, umejaa mapera. Nikachukua kalenda ya misheni iliyokuwa na picha ya mti wa Krismasi, nikaiga. Kwenye picha palikuwa na utepe mwekundu, nami nikachana masalio ya kitambaa chekundu cha mapazia ya kanisa. Palikuwa na mipira myeupe, nami nikaokota magamba ya konokono, nikayasugua kwa majivu mpaka yakawa meupe pe. Palikuwa na kitu cheupe juu ya matawi, ambacho mwalimu alisema ni theluji. Mimi niliona pamba, nikachomoa ya kutosha kwenye godoro langu.

Bibi alirudi kutoka kwenye maharage, jembe begani, akasimama.

"Umeufunga?"

"Nimeupamba, Bibi."

"Mti wa matunda haupambwi, mjukuu wangu. Unafungwa. Vitoe kabla watu hawajaona."

Nikamletea kalenda. Aliitazama kwa muda, akaigusa kwa kidole chenye udongo.

"Huu wa kwenye picha una matunda?"

"Hauna."

"Ndiyo maana."

Nilijua alichokuwa anasema. Kila mtoto wa kwetu alijua. Mtu akichoshwa na wezi wa matunda humwita mganga, naye huufunga mti kwa kitambaa chekundu na gamba la konokono. Anayekula tunda la mti huo hufungwa tumbo, na hakuna dawa ya hospitali inayomsaidia. Atakayemfungua ni yule yule aliyefunga. Hayo niliyajua, lakini nilijua pia kwamba mimi si mganga na kwamba kesho ni Krismasi, nikadhani kila mwenye macho atayaona yote mawili. Bibi alirudia mara moja tu: "Watu hawatakuuliza ulikuwa na nia gani." Kisha akaniacha, kwa kuwa alinidekeza, na kwa hilo nimemlaumu hata akiwa kaburini.

Alasiri Ansila alikuja. Alipouona mti alicheka kwa furaha, akauzunguka. Nikamchumia mapera. Yaliyoiva yalipoisha tukaendelea na mabichi, yeye akila zaidi yangu, maana kambini walikula mahindi na maharage, maharage na mahindi. Wakati huo jirani yetu Mama Bahati alipita njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Aliona vitambaa vyekundu, akaona magamba, akaona mtoto wa wakimbizi anatafuna chini yake. Hata salamu hakutoa. Kabla ya jua kuzama foleni nzima ya maji ilishajua kwamba katekista amefunga mpera wake dhidi ya wakimbizi.

Krismasi, baada ya misa, nikakaa chini ya mpera na sahani ya ndizi na nyama niliyoifunika. Watoto waliopita walipita upande wa pili wa njia, mikono nyuma. Nilimngoja Ansila mpaka mchuzi ukaganda. Aliyekuja ni mama yake, peke yake, miguu imejaa vumbi.

Nilimwambia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Alipiga magoti mbele yangu, mtu mzima, mama wa rafiki yangu, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimiwa wakubwa.

"Mwanangu tangu jana tumbo limefunga," alisema. "Kambini wamempa vidonge, amevitapika. Tumekosa, tulikuwa na njaa. Mfungue, mama."

Nilimwambia ni Krismasi. Nilimwambia ni mapambo. Nilikimbia ndani nikaleta ile kalenda. Aliitazama picha, kisha akanitazama mimi, na niliona kwamba kadiri ninavyoeleza ndivyo anavyozidi kuogopa. Anayekataa kufungua bado ana hasira, ndivyo alivyonielewa. Hakuna kitu kilichowahi kuniumiza roho kama kusema kweli mbele ya mtu aliyepiga magoti, na kweli yangu ikawa ndiyo inayomliza.

Baba alitoka akiwa bado na kanzu ya ibada. "Asifungue," alisema. "Akifungua, amekubali kwamba alifunga. Jumapili nitasimama vipi mbele ya Wakristo? Huyo mtoto amekula mapera mabichi, basi. Apewe maji ya kutosha."

Alisema kweli tupu. Mama Ansila aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia kugusa ardhi.

Ndipo Bibi alipokuja. Yeye mwenyewe alivuka mto wa mpakani akiwa msichana, akikimbia vita vya zamani ambavyo hakupenda kuvisimulia. Alimwambia Baba, "Wakristo watasubiri. Huyu hana nyumba, hana shamba, amebakiwa na mtoto. Usimfundishe leo." Kisha akanigeukia. "Fungua. Kimoja kimoja, akuone. Useme, nilichofunga mimi nakifungua mimi."

"Lakini sikufunga, Bibi."

"Najua."

Nikafungua. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, nikinyofoa vitambaa vyangu kimoja kimoja na kusema uongo ule kwa kila fundo. Mama Ansila alihesabu kwa midomo. Magamba ya konokono aliyachukua mwenyewe, akayafunga kwenye kanga, akaondoka mbio. Mpera ukabaki mtupu, na pamba kidogo ambayo mvua ya jioni iliimalizia.

Usiku ule ule Ansila alipata choo. Habari ilitufikia asubuhi, kwa furaha kubwa, kupitia kwa wachota maji. Siku ya tatu ilikuja ahsante: kopo la mafuta ya msaada, kama anavyopelekewa mganga. Bibi alilipokea kwa sababu kulikataa kungekuwa na maana kwamba kazi haijaisha. Baba hakula chochote kilichopikwa kwa mafuta yale, tukawa tunampikia kwenye sufuria yake.

Sasa mimi ni mtu mzima na nimeshakuwa na watoto wa kuwakataza mapera mabichi. Najua yanavyoziba tumbo. Nadhani pia hofu ilimziba zaidi ya mapera, na hofu hiyo ndiyo niliyoifungua, kwa hiyo Bibi hakukosea. Wala Baba hakukosea, maana kweli hakuna aliyesahau. Bado mpera upo na unazaa, na mapera yake yanaoza chini. Nikienda likizo huchuma moja nikala mbele ya watoto wa jirani, nikawanyooshea jingine. Wao huweka mikono nyuma.

Miaka mingi nilimlaumu Mama Bahati, nikamlaumu Bibi, nikailaumu ile kalenda ya misheni. Hao wote nawatumia kukwepa siku nyingine, wiki kadhaa baada ya Krismasi. Ansila hakuja tena uani kwetu, basi nikashuka mimi chemchemini. Nilimkuta peke yake, ndoo imejaa, anasubiri wa kumtwisha. Nilikuwa nimepanga mengi ya kumwambia. Aliponiona aliacha ndoo, akakunja magoti, akainamisha macho.

"Shikamoo," alisema.

Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Ningeweza kucheka. Ningeweza kumkumbusha mbuzi. Neno moja tu, hujambo, lingetosha, na angenijua tena. Mwaka uliofuata kambi zilifungwa, wakarudishwa kwao kwa miguu, barabara imejaa watu na mizigo, nami sikumwona katika wale wote.

Nilimjibu marahaba, nikapanda zangu nyumbani.