Theluji Niliyoachiwa

Tak, tak. Bado naisikia brashi ya baba ikigongwa ukingoni mwa kopo. Leo harufu ya rangi mbichi kwa jirani imeirudisha sauti hiyo. Baba alichora Mlima kwenye ukuta wa mkahawa, pale Majengo, akabakiza theluji ya kileleni bila kuipaka.

“Hiyo ni yako, mama,” aliniambia.

Rangi nyeupe ilikuwa imeadimika mjini. Akaniachia brashi, akaenda Tarakea, kule mpakani, kuitafuta. “Nikirudi tutapaka pamoja.”

Wanywa chai walicheka: “Mlima gani huu, umenyolewa kipara?” Nami nilicheka nao.

Masika ikaja, ikaisha, baba hakurudi. Asubuhi moja nikakoroga chokaa kwenye kopo lake, nikapanda kiti, nikagonga brashi ukingoni mara mbili, nikapaka theluji.