Noeli Nyuma ya Plastiki Nyeupe

Hata leo, mtu akimwaga javeli sakafuni kuua vijidudu, mimi hutoka nje. Wenzangu husema hiyo ni harufu ya usafi. Kwangu ni harufu ya Noeli ya mwaka nilipokuwa na miaka minane, hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, nilipougua kipindupindu.

Papa, yaani baba yangu, alinipeleka kwa pikipiki ya jirani, nikiwa nimelegea kama kitenge kilicholowa. Kituo chenyewe kilikuwa mahema yaliyozungushiwa ukuta wa plastiki nyeupe, mrefu kuliko mtu. Mlangoni muuguzi mwenye mabuti alimwambia, "Papa, muntu wa kulinda mugonjwa akiingia, hatoki mpaka mugonjwa apone."

Mama alikuwa nyumbani na kichanga cha wiki mbili. Papa alikuwa katekista wetu. Padri hakufika mtaani kwetu kila sikukuu, hivyo Papa ndiye angeongoza ibada ya Noeli, na zilikuwa zimebaki siku tatu. Nilimwona akitazama ukuta, kisha saa yake, kisha mimi.

"Nitakuja kila siku," alisema. Nikaingizwa peke yangu.

Alikuja kweli. Alisimama nje ya plastiki akaita, "Riziki! Unakunywa maji?" Nilisikia sauti, sikuona uso. Katika mafundisho yake alituzoeza kuitikia: "Zamani Mungu alisema. Noeli akaonekana." Nilikuwa hodari wa kuitikia, hata nikapewa pipi. Sasa nililala juu ya kitanda kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, serumu ikiingia mkononi kwa mrija, na sauti ya Papa haikuweza kunishikia kikombe. Aliyenishikia ni Mama Feza, aliyekuwa akimlinda binti yake kwenye kitanda cha pili.

"Kunywa, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ukitapika, kunywa tena."

Asubuhi ya Noeli, Feza hakuamka. Mama yake alilia kilio ambacho nadhani kilisikika hadi ziwani. Walimtoa pamoja na mwili wa mwanawe, kitanda kikapuliziwa javeli, nami sikubaki na mtu wa kunishikia kikombe. Midomo yangu ilikuwa imekauka. Kikombe kilikuwa hapo chini tu, lakini kwangu kilikuwa mbali kama Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Nikajua kwamba sasa ni zamu yangu.

Ndipo nikasikia sauti ya Papa mlangoni, wala safari hii haikuniita mimi.

"Mama, fungua," alimwambia muuguzi.

"Na ibada, Papa? Watu wanakungojea."

"Watasali. Fungua. Ule ni mutoto wangu."

Akatokea. Alikuwa amevaa shati jeupe la sikukuu, viatu vikichuruzika javeli, macho mekundu. Aliinua kichwa changu, akaniwekea kikombe mdomoni. Nilitaka kumuuliza kwa nini alichelewa. Badala yake nikalitapikia shati la Noeli. Alicheka kidogo, akajaza kikombe tena. Kisha akabeba ndoo yangu kwenda kuimwaga, yeye ambaye kanisani akina mama walimfutia kiti kabla hajakaa.

Siku ya tatu baada ya Papa kuingia, niliweza kuketi. Siku ya nne Papa akaanguka.

Walimlaza kwenye kitanda cha Feza. Muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi, akanipa kijiko, nami nikamnywesha Papa kijiko kimoja kimoja, mchana kutwa. Alifungua mdomo kama kile kichanga chetu cha nyumbani. Sikuwahi kumwona akiwa mdogo hivyo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kufa mwenyewe.

Tulipona wote wawili. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba asubuhi ile aliuzunguka ukuta mara tatu kabla ya kuomba afunguliwe. "Niliogopa kufa, Riziki," alisema. Mimi nilikuwa nimedhani watu huingia mahali kama pale kwa sababu hawaogopi.

Siku hizi nami nafundisha watoto kanisani. Tukifika kwenye Noeli, wao huuliza habari za nyota na malaika. Mimi huanza kwa kuwaambia kwamba Mungu alipoonekana, alionekana akiwa na mwili unaoweza kuugua, na mdomo uliongoja mtu aulishe. Huwa wanacheka. Siwakemei, hata mimi nilichelewa kuelewa.