Jina la Mama Mdogo

Nilikuwa msaidizi wa kisheria Iyunga, na nilichopenda kuliko vyote ni kueleza. Sheria ngumu niliimega vipande vidogo, mpaka mtu akaitikia kwa kichwa.

Wiki ile madiwani walituita kwenye mdahalo kuhusu ukahaba wa barabarani.

"Wakamatwe wote, mji usafike!" diwani mmoja alifoka.

"Na wanaowanunua, mheshimiwa? Au hao ni jamaa zako?" akajibu mama mmoja wa nyuma, ukumbi ukaangua kicheko.

Zamu yangu ilipofika nilieleza polepole kwamba mtu aliyesafirishwa kwa udanganyifu na kuuzwa ni mwathirika, hata kama alikubali safari. Nilipigiwa makofi.

Siku mbili baadaye niliitwa kituoni. Katika msako wa polisi Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, alikuwa amekamatwa mwanamke Mhehe wa kijiji cha Nyololo. Aliahidiwa kazi ya kupika hotelini. Alipofika akafungiwa chumba cha nyuma ya baa, akanyang'anywa simu, akawa analetewa wanaume.

"Dada, huna kosa," nilimwambia. "Taja aliyekuleta. Utakuwa shahidi, siyo mshtakiwa."

"Ni mama mdogo. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyeninyonyesha."

"Basi tumwandike."

"Akiandikwa itakuwaje?"

Nikamweleza kama nilivyozoea, bila kuficha kitu: atakamatwa, atashtakiwa kwa usafirishaji haramu wa binadamu, akipatikana na hatia atafungwa miaka mingi.

"Mwanangu yuko kwake."

"Ustawi wa jamii watamtafutia pa kukaa."

"Kaka, kwetu mama mdogo ni mama. Nikimfunga mama, nitarudi Nyololo kwa nani? Nikifa atanizika nani?"

Nilianza upya, kwa njia nyingine. Nikajaribu hata Kihehe changu kibovu, akacheka kidogo.

"Umeeleza vizuri, kaka. Nimeelewa."

Mahakamani alisomewa shtaka la ukahaba. Akasema ni kweli. Hakimu akamuuliza kama kuna mtu aliyemleta Mbeya.

"Nilikuja mwenyewe."

Alipelekwa gerezani mchana ule. Nje, mwanamke wa makamo aliyebeba mtoto mgongoni alinisogelea. Nilimpa shikamoo kabla sijafikiri.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mama yake mdogo," alisema. "Nimesikia umehangaika sana naye. Mungu akubariki."

Mtoto alikuwa amelala. Sikuwa na karatasi hata moja yenye jina la yule mama. Nikasema asante.