Mwanaume Aliyeomba Radhi kwa Kifungo

Nianze na wewe msomaji, maana unanikera. Unasoma hadithi ya mtu kwenye simu, unacheka peke yako, chozi linakutoka, ukimaliza unafunga simu kimya, kama mtu aliyekula kwa jirani akatokea mlango wa nyuma. Halafu mashabiki wakipiga kelele kwenye makundi yao unasema hawana kazi. Ngoja nikwambie.

Kuna mwanamke anashona mashuka ya hospitali. Chumba chake kiko nyuma ya chumba cha dobi, cherehani imeegemea ukuta unaochemka kwa mashine za kufulia. Kutwa anatia viraka na kurudisha kamba zilizokatika kwenye magauni ya wagonjwa. Mikono inashona, kichwa kinafungisha ndoa.

Miaka minne nyuma, mchezo mmoja wa redio uliisha bila wapenzi wawili wa humo kuoana. Mashabiki wakaunda kundi la kulia pamoja, wakajiita Wajane. Yeye, kwa jina la Sindano, akawa anawaandikia miisho mipya kila Jumapili, na Wajane wanagombana nayo mpaka Jumatano.

Mwaka huu akaandika riwaya yake mwenyewe ya mapenzi, akaiweka mtandaoni bila mchapishaji. Wiki tatu, watu tisa wameifungua. Hakuna aliyesema hata "mh."

"Si uwaambie Wajane wako?" dada yake akauliza, anamenya viazi.

"Nitaonekana najipigia debe."

"Sasa akupigie nani? Mimi sauti sina."

"Ijumaa naifuta, dada. Na kuandika basi. Nimechoka kuongea na ukuta."

Hakuwa anatania. Madaftari yake alishayafunga kamba, akayatupa juu ya kabati.

Alhamisi, saa ya mapumziko, akafanya ujinga wa mwaka. Aliazima simu ya dada yake, akaingia kundini kama mgeni. Akapokewa na Bi Mkunga, mkunga mstaafu anayesimamia kundi. Akaandika: "Hamjambo. Nimekutana na kitabu kizuri sana, mwandishi wala simjui." Akabandika na kipande chake. Mwanaume kamkosea mpenzi wake. Badala ya kupiga magoti, anachukua blauzi yake na kushona kifungo kilichokatika, anakishona ovyo, kwa uzi wa rangi nyingine, kisha anairudisha bila neno.



"Mgeni," Bi Mkunga akaandika, "mwandishi humjui?"

"Simjui kabisa, mama."

"Nimezalisha miaka thelathini, mwanangu. Mama anayekana mtoto namjua."

Dereva wa lori akadakia: "Dunia nzima ni mtu mmoja tu anayeombesha wanaume radhi kwa vifungo! Sindano, toka huko ulikojificha!"

"Miaka minne vifungo tu, tumechoka!" akalalama mwingine.

"Nani kachoka? Jisemee wewe!"

Sindano uso ukamuungua kuliko ule ukuta. Akachukua simu yake mwenyewe. "Niliona haya," akaandika. "Nyie mlikuwa mnawapenda watu wa redio, si mimi."

"Redio iliisha zamani," Bi Mkunga akajibu. "Ulidhani kila Jumapili tunamsubiri nani?"

Ijumaa simu ilitetemeka pembeni ya cherehani mpaka mkasi ukaanguka. Mchoraji wa mabango alijitolea kutengeneza jalada. Wajane walishagawanyika, nusu wanataka binti aolewe na mwenye kifungo, nusu na kaka wa mwanaume huyo, na kila upande unaburuta ndugu na majirani waje kusoma wawe mashahidi. Wale tisa wakapita mia. Dereva naye, amesoma akisubiri kushushiwa mzigo, kanuna: "Sura ya saba binti analia kurasa nne. Hana kazi ya kufanya?"

Sindano alisoma hilo mara tatu. Akacheka, maana ni kweli.

Jioni dada yake akamkuta juu ya stuli, anashusha madaftari.

"Ijumaa ndiyo hii. Hufuti?"

"Nafuta. Kurasa mbili za sura ya saba."

Sasa na wewe. Ile hadithi uliyoisoma juzi ukanyamaza, irudie. Mtafute aliyeiandika, mwambie ni wapi ilikushika, hata kama ni kumgombeza. Fanya leo, kabla hajafika Ijumaa yake.