Ufa Kwenye Mguu wa Soketi

Sijui kama nitaandika sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la sita. Lakini nilichokiona kwenye bodi ya kompyuta ile kinanishangaza mpaka leo.

Nilikuwa fundi wa redio Nateete, mtaa wa pembeni mwa mji, miaka michache baada ya vita. Mama mmoja Mkenya, mwenye ofisi ya kuchapa barua karibu na vichochoro vya maduka vya Kikuubo, aliniita kwa mara ya pili kutazama kompyuta yake, kuukuu hata wakati ule, yenye herufi za kijani. Ikikaa saa nzima imewaka, inazimika. Nikaifungua, nikaona doa la chai.

"Labda ni chai," nilisema.

Yeye alisikia chai tu. Simlaumu; ofisi nzima ilitegemea mashine hiyo moja. Alimgeukia mchapaji wake, binti wa askari wa kutoka kaskazini. "Jumamosi uchukue vitu vyako."

"Mama, chai ile ilimwagika mwaka jana. Hii inakufa ikipata joto."

Mama alikuwa ameshageukia barua zake. Mimi nikafunga skrubu.

Nilibeba mashine, na maneno yale yakanifuata. Kesho yake niliiwasha kibandani, nikangoja ipate joto, nikaanza kuigonga bodi polepole kwa mpini wa mswaki, sehemu kwa sehemu, kama tunavyofanya na redio. Nilipofika kwenye soketi ya umeme, herufi zikatetemeka. Nikagonga tena, zikatetemeka tena. Nikachukua lenzi ya darubini iliyovunjika, nikainama.

Mguu mmoja wa soketi ulizungukwa na ufa, mwembamba kuliko unywele, duara kamili. Risasi yenyewe, ile inayoyeyushwa kuushika mguu kwenye bodi, ilikuwa imefifia kama jivu. Niliitazama muda mrefu sana. Kitu ambacho jicho tupu halikioni, kikipata joto kinaachana, na barua za watu zinapotea kiooni. Kikipoa kinashikana, kana kwamba hakijafanya lolote.

Kisha nikaitambua kazi. Ilikuwa yangu. Miezi miwili nyuma niliibadilisha soketi ile siku umeme umekatika, nikapasha chuma cha kuchomea kwenye sigiri ya mkaa. Kwa redio joto lile hutosha. Hapa risasi iliganda kabla haijashika.

Niliiyeyusha upya kwa chuma cha umeme. Ikatiririka kuuzunguka mguu, ikang'aa kama jicho la mtoto. Mashine ikawaka asubuhi hadi jioni.

Jumamosi nilifika mapema. Binti alikuwa ameshakunja mto wake wa kitini.

"Chai haina kosa," nilimwambia mama. "Ni mkono wangu."

"Fundi, si wewe uliyesema chai?"

"Nilisema labda."

"Labda yako ndogo sana, fundi," binti alisema. "Siku nyingine itoe kwa sauti."

Mama akacheka bila kutaka. "Haya, keti. Kuna barua zinangoja."

Binti akaurudisha mto. Hakunishukuru, na sikuona sababu ya kunishukuru. Nilisimama mlangoni mpaka saa nzima ikapita, na herufi za kijani bado zilikuwa zinatoka, moja baada ya nyingine.