Siku Nilipomkimbiza Baba Mkwe Uyole

Sipendi kuisimulia hii, na mume wangu akianza tu kuigusa mbele za watu mimi naondoka mezani, lakini leo mmenibana, basi sikilizeni na mcheke haraka yaishe.

Mimi nimezaliwa Pangani, na utoto wangu wote ni salamu. Pale kwetu mzee akitokea tu kwenye kona na kikapu chake, awe wa ukoo au la, sisi watoto tunaacha mchezo na kutimua mbio kumpokea, unatoa shikamoo, unabeba mzigo hadi kwake hata kama maji ya samaki yanakuchuruzikia shingoni. Mama alikuwa mkali kwa hilo (legea uone, kofi hilo). Kwa hiyo nilipoolewa na Ambakisye, Mnyakyusa, tukaenda kwao Uyole mara ya kwanza baada ya harusi, nilijiambia kama kuna kitu nitawapita nacho wanawake wa kule, ni adabu.

Asubuhi ile tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, wifi yangu Tusekile akaniambia, "Wifi, baba akirudi shambani wewe baki humu humu ndani. Kwetu mkwe hakutani na baba mkwe, hata salamu hakuna." Nikacheka. Nilijua ananitania, mawifi si ndivyo walivyo (na kweli siku ya harusi mzee alikaa mbali nami, ila nilidhani ni aibu tu za wazee). Nikaamua kutomsikiliza. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mzee akatokea njiani na kiroba cha viazi begani. Nikaruka nje. "Baba shikamoo! Lete nikupokee!" Mzee akasimama, akageuza uso, akarudi alikotoka. Nikasema maskini, hasikii vizuri, nikapaza sauti na kuongeza mwendo, naye akaongeza, nikakimbia, naye, mzee wa kanisa mwenye koti na kofia yake, akatupa kiroba akakimbia, tukalizunguka banda la ng'ombe, majirani wametoka kwenye mahindi wanatazama, mmoja anapiga kelele "We dada, mwache mzee wa watu!", na mimi nazidi kuita "Baba, ni mimi mkweo!", kana kwamba tatizo ni kwamba hanijui. Akateleza kwenye samadi, chini. Na mimi, mtoto wa Pangani na adabu zangu, nikamkumbatia kiunoni kumwinua.

Hakuna aliyecheka, jamani, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee alifumba macho, akayafumba kabisa, mpaka Tusekile alipokuja kunivuta na kunifunika khanga kichwani. "Wifi, si nilikwambia?" akasema, naye analia.

Mama mkwe alinieleza taratibu kwamba kule kukwepana ndiyo heshima yenyewe, na mimi nimemvua mzee heshima hiyo mbele ya majirani. Siku ile hakula kwake. Alikula kwa jirani na kulala huko huko, kwa sababu mimi nilikuwa ndani ya nyumba yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nililia nikijua kabisa atamwambia mwanawe anirudishe kwetu, na ningemlaumu kwa lipi?

Hakusema hivyo. Wazee walikaa, Ambakisye akaniombea radhi, wengine wakaona yamekwisha. Kwangu hayajaisha, na nimeapa ugenini simpokei mtu mzigo kabla sijauliza. Siku hizi tukienda Uyole, mzee akikaribia nyumbani huanza kukohoa akiwa bado mbali, anakohoa kwa nguvu, nami naingia jikoni na kufunga mlango. Juzi nikamuuliza Tusekile kama baba anaumwa kifua. Akaniambia haumwi, wala hajawahi kukohoa hivyo maisha yake yote. Anakohoa kwa ajili yangu.