Sogeza Mbele

Injini ya rotari haina pistoni. Ndani yake huzunguka chuma cha pembe tatu, na kwenye kila pembe kuna kipande chembamba tunachokiita sili, kinachozuia presha isivuje. Usihofu kama hujawahi kuiona. Mafundi wengi wa Kariakoo nao hawajaiona.

Mimi niliikuta kwa mzee aliyenifundisha ufundi, kwenye yadi nyuma ya maduka ya spea. Gari lenye injini hiyo lilikuwa lake mwenyewe. Sili zake alizitafuta miaka mitatu, na alizopata zilikuwa za mwisho. Sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa, ghorofa linakuja, na kila kisichotoka kufikia Ijumaa kingechukuliwa na watu wa skrepa. Dada yake alikubali kulipokea gari uani kwake Mbagala iwapo litaingia linatembea. Mzoga hakuutaka.

Alhamisi asubuhi nilikwenda na kompyuta na kipima presha kutoka chuo ninakofundisha, tuiweke sawa injini kabla ya safari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akiitazama kompyuta.

"Hiyo nayo imekuja kujifunza ufundi?"

Nikamweleza. Injini za kawaida moto ukiwahi mno utazisikia zikigonga, na sikio lake lilikuwa limeziponya nyingi. Rotari hugonga kimya kimya. Ukija kusikia, imeshavunjika. Mahali moto unapowakia pana plagi mbili za kuuwasha. Tungetoa moja, tuweke kipima presha mahali pake. Kila moto unapowaka, mstari kwenye kioo cha kompyuta hupanda kama mlima. Kilele kinatakiwa kije punde tu baada ya hewa kubanwa kabisa. Kikiwahi, presha inakisukuma chuma kirudi kilikotoka, na sili ndizo zinazolipa.

"Kumbe unapima pumzi yake," akasema. Alikuwa ameelewa kuliko wanafunzi wangu wengi.

Injini ikawaka. Milima mitatu, mmoja kwa kila upande wa chuma, ikapita na kurudi, mizuri, ila vilele vilikuwa vinawahi kidogo. Yeye alikuwa ameinama, mkono kwenye distribyuta, kifaa kinachopanga saa ya moto. Mimi macho kwenye kioo. Kelele zilikuwa nyingi, nikapaza sauti:

"Sogeza mbele kidogo."

Nilitaka aucheleweshe moto. Kikao kikisogezwa mbele si kimeahirishwa? Ndivyo tunavyosema ofisini, ndivyo tunavyosema msibani. Lakini kwa fundi wa yadi, miaka yote, kupeleka moto mbele ni kuuwahisha. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Miaka michache ya darasani ilinitosha kusahau.

Vilele vikazidi kuwahi. Nikadhani mkono wake umeteleza, nikarudia: mbele, mzee, mbele zaidi. Akatii. Milima ikaota meno kama msumeno, dalili ya kugonga, na kabla sijafumbua kinywa, miwili kati ya mitatu ikalala chini. Sili moja inatenganisha vyumba viwili vya moto; ikivunjika, vyote viwili vinakufa.

Akazima injini, akafuta mikono taratibu.

"Umesema mbele," akasema. "Nimepeleka mbele."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Nilipomweleza nilichokusudia, aliniuliza kama ile milima ya mwanzo bado imo kwenye kompyuta. Nikamfungulia. Akaitazama hadi kioo kikajizima chenyewe.

Ijumaa watu wa skrepa walikuja na nyundo na mkokoteni. Mzee aling'oa usukani tu, akaupeleka Mbagala. Dada yake hakuuliza kitu, mzee aliniambia baadaye. Alimwonyesha tu pa kuutundika.

Siku hizi darasani nafundisha maneno mawili: wahisha, chelewesha. Mwanafunzi akitamka "mbele", namsimamisha kwa upole, namwuliza mbele ipi. Huwa wanacheka. Nawaacha wacheke, kisha tunaendelea.